Reli Ndogo ya Tywyn na Josho Letu

Mwezi Septemba mwaka 2023 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya majuma mawili. Mafunzo yalihusu malisho ya mifugo. Yalifanyika Aberystwyth, mji mdogo ulio pwani ya Wales. Wales ni nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Ni nchi ya milima, mvua na kondoo. Kule kondoo ni wengi kuliko watu.

Leo sitakueleza habari za kondoo. Hizo nitaziandika siku nyingine. Leo nataka kukueleza habari za reli moja ndogo niliyoiona kule siku ya Jumamosi. Reli hiyo ilinifurahisha sana. Lakini pia ilinitia aibu. Sababu ya aibu hiyo nitakueleza huko mbele.

SAFARI YA KWENDA TYWYN

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Jioni moja aliniambia, "Kesho sitakuwapo nyumbani. Nakwenda kazini."

Nikamwuliza, "Kazi gani, nawe umekwisha kustaafu?"

Akacheka. Akajibu, "Kazi ya reli. Mimi ni gadi wa gari la moshi. Twende pamoja ukaone."

Tuliondoka asubuhi na mapema. Mimi nilivaa sweta mbili. Tulipanda gari la moshi la kawaida mpaka stesheni moja iliyo peke yake kwenye tambarare yenye majani na matope, karibu na mto. Hapo tukabadili gari. Gari la pili lilifuata ukingo wa bahari. Mkono wa kushoto yalikuwa maji. Mkono wa kulia vilikuwa vilima vyenye kondoo. Baadaye kidogo tukafika mji mdogo wa Tywyn. Jina hili hutamkwa kama "Tauwin."

Tulitembea kwa miguu mpaka stesheni nyingine. Hapo nikaiona reli yenyewe. Ndugu msomaji, nilidhani ni reli ya kuchezea watoto. Mimi nilizaliwa karibu na Reli ya Kati, ile ya zamani iendayo Kigoma. Unajua kwamba kutoka chuma kimoja mpaka cha pili, reli ile ina upana wa mita moja. Reli hii ya Tywyn ina upana wa sentimita 69 hivi. Mtu mzima anaweza kuivuka kwa hatua moja. Urefu wake wote haufiki kilomita 12.

Lakini injini ilikuwa injini ya kweli. Ilikuwa na moto wa makaa ya mawe, na mvuke ulikuwa ukitoka. Reli hiyo huitwa Reli ya Talyllyn.

ILIVYOKARIBIA KUFA

Mwenyeji wangu alinisimulia habari zake tukiwa tunangoja.

Reli hii ilijengwa mwaka 1865. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe kutoka machimbo ya milimani. Mawe yenyewe si kama ya kwetu. Ni meusi, na hupasuliwa yakawa vipande vyembamba kama vigae. Watu wa kule huezekea nyumba kwa vipande hivyo. Reli iliyateremsha mawe mpaka Tywyn. Tena ilichukua abiria wa vijiji vya bondeni.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na mbunge wa sehemu ile, Henry Haydn Jones. Faida ilikuwa ndogo. Hata hivyo aliahidi kwamba gari la moshi litatembea muda wote wa uhai wake. Mwezi Desemba mwaka 1946 sehemu ya machimbo iliporomoka, na machimbo yakafungwa. Mawe ya kubeba hayakuwapo tena. Lakini mzee alitimiza ahadi yake. Gari la moshi liliendelea kutembea siku chache za juma wakati wa kiangazi.

Mwezi Julai mwaka 1950 mzee huyo akafariki. Watu wakasema, "Basi, reli nayo imekufa."

Na kweli ilikuwa karibu kufa. Mataruma, yaani magogo yanayoshikilia reli, yalikuwa yameoza. Mahali pengi reli zilikuwa zimeshikwa na majani tu. Mimi kama Bwana Shamba nilicheka kusikia hayo. Kila siku nawaambia wakulima kwamba majani hushika udongo usichukuliwe na maji. Sikujua kwamba majani yanaweza pia kushika reli!

Reli ilikuwa na injini mbili. Moja ilitengenezwa mwaka 1864. Haikuweza tena kufanya kazi. Ya pili ilitengenezwa mwaka 1866. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuta, nayo ilikuwa imechakaa.

WATU WALIOKATAA IFE

Kulikuwa na mwandishi mmoja wa vitabu aliyeitwa Tom Rolt. Aliipenda reli ile. Yeye na wenzake waliitisha mkutano katika mji mkubwa wa Birmingham, tarehe 11 Oktoba 1950. Waliohudhuria hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kazi mbalimbali. Wakakubaliana kuunda chama cha kuihifadhi reli hiyo. Mjane wa mzee Haydn Jones akakubali kuwakabidhi.

Watu wengi waliwacheka. Walisema reli si kazi ya watu wa kujitolea. Mahali popote duniani watu wa kujitolea walikuwa hawajapata kuokoa reli na kuiendesha.

Lakini tarehe 14 Mei 1951 gari la kwanza la chama liliondoka Tywyn. Siku hiyo halikufika mwisho wa reli. Lilikwenda sehemu fupi tu, likarudi. Mwaka mzima ule walitegemea injini moja tu, ile ya mwaka 1866. Ilikuwa imekwisha kutimiza miaka 85. Kama ingevunjika, kazi yote ingekwisha.

Wakatafuta injini nyingine. Karibu na pale palikuwa na reli nyingine ndogo, Reli ya Corris, iliyofungwa mwaka 1948. Injini zake mbili zilikuwa zimeachwa tu. Chama kikazinunua kwa pauni 25 kila moja. Ya kwanza walipoijaribu, ilianguka nje ya reli. Magurudumu yake yalikuwa membamba, na reli yao mbovu ilikuwa imetanuka. Ya pili ilihitaji matengenezo makubwa. Mkuu mmoja wa kiwanda cha injini aliichukua na kuitengeneza bila malipo.

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Mwenye kiwanda alitoa kiwanda. Mwenye kalamu aliandika barua. Mwenye mikono tu alishika koleo akabadili mataruma. Mwaka 1958 ile injini ya mwaka 1864 ikarudi kazini. Mwaka 1976 wakarefusha njia ya abiria mpaka Nant Gwernol, juu bondeni. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza reli hii, pamoja na machimbo ya sehemu ile, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

KAZI YANGU YA SIKU MOJA

Sikuruhusiwa kugusa injini. Kule hata mwanachama haruhusiwi mpaka afundishwe na kupimwa. Anayetaka kuwa dereva huanza kwa kusafisha injini. Akishajua kusafisha, hufundishwa kutia makaa. Baada ya miaka mingi ndipo anaweza kupimwa kuwa dereva.

Mimi nilipewa kitambaa na ndoo. Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo vya behewa. Mama mmoja mwenye mvi ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Nilidhani kufuta kioo hakuhitaji mwalimu. Kumbe nilikosea.

Nilizunguka upande wa pili ili nifungue mlango. Mama akaniambia, "Milango ya upande huo haifunguliwi."

Nikauliza, "Kwa nini?"

Akanieleza. Reli ilipojengwa, madaraja yanayopita juu yake yalijengwa membamba mno. Mwaka 1866 mkaguzi wa serikali alikuja akaona hatari. Mtu akifungua mlango chini ya daraja, ataumia. Basi reli ilisogezwa upande mmoja chini ya madaraja ili upande wa pili uwe na nafasi. Milango ya upande wenye nafasi ndogo ikafungwa. Ndiyo maana mpaka leo abiria hupanda na kushuka upande mmoja tu.

Nikamwuliza, "Nani alikuambia haya yote?"

Akajibu, "Yule aliyenifundisha kufuta vioo."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinigusa. Sikusema kitu. Nikaendelea kufuta.

Baadaye tukapanda gari. Mwenyeji wangu alivaa kofia yake, akapiga firimbi, akapunga bendera ya kijani. Mtia makaa alikuwa msichana, mwanafunzi wa chuo. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, naye alikuwa akicheka. Gari lilipanda polepole. Tulipita mashamba yenye kuta za mawe. Tulipita msitu. Pale Dolgoch tulivuka daraja refu la matofali. Chini yake kuna korongo, na karibu yake kuna maporomoko ya maji. Safari ya kupanda ilichukua karibu saa nzima. Mtu mwenye baiskeli nzuri angefika mapema. Lakini hakuna aliyekuwa na haraka.

Njiani mwenyeji wangu alinipa kisa kimoja. Miaka ya hamsini alikuja mchungaji mmoja wa kanisa kujitolea. Jina lake ni Wilbert Awdry. Alikuwa akiandika vitabu vya watoto kuhusu magari ya moshi, na vitabu hivyo vinajulikana sana duniani. Alipewa kazi ya ugadi. Siku moja akapiga firimbi, gari likaondoka. Kumbe mama muuza chai amebaki stesheni! Mchungaji hakukasirika walipomcheka. Kisa chenyewe akakiweka katika kitabu chake.

Nikaona jambo hapo. Katika kazi ya kujitolea, mchungaji naye ni mwanafunzi. Akikosa, huambiwa. Akiambiwa, hucheka, kisha hujifunza.

CHAI YA JIONI

Jioni tulikunywa chai pamoja. Nikauliza swali ambalo najua hata wewe unataka kuliuliza. "Je, mnalipwa?"

Wakatazamana. Mzee mmoja akasema, "Sisi ndio tunaolipa! Kila mwaka tunatoa ada ya uanachama."

Wakanieleza kwamba wako wafanyakazi wachache wa mshahara. Kazi nyingine haziwezi kungoja Jumamosi. Lakini bila watu wa kujitolea, reli isingeweza kutembea.

Nikauliza tena, "Mnapata nini basi?"

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema anapenda harufu ya moshi. Mwingine alisema mke wake amefariki, na hapa ana watu wa kuzungumza nao. Yule msichana alisema, "Mimi nimepata ufundi. Shuleni hawafundishi kuwasha moto wa injini."

Wakanieleza pia habari za majirani zao wa Corris. Unakumbuka ile reli iliyofungwa mwaka 1948? Mwaka 1966 watu wengine waliunda chama cha kuifufua. Watu wa Talyllyn hawakuwaonea wivu. Injini zile mbili walizozinunua zimepata kurudi Corris kutembelea reli yao ya zamani. Tangu mwaka 2002 reli hiyo inachukua tena abiria katika sehemu yake fupi. Leo Uingereza ina reli zaidi ya 100 za namna hii. Anayejua humsaidia asiyejua, hata kama ni wa chama kingine.

AIBU YANGU

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilikuwa nikifikiri juu ya josho letu.

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia lipo josho la kuogeshea ng'ombe. Lilijengwa zamani. Kwa miaka mingi liliwakinga ng'ombe wetu na kupe waletao ndigana. Mwaka 2016 liliacha kufanya kazi. Ukuta ulipata ufa. Mabati ya paa yakaondoka moja moja, na kila mtu anajua yalikokwenda. Majani yakaota. Tukafanya mikutano. Katika kila mkutano mtu alisimama akauliza, "Atakayefanya kazi atalipwa na nani?" Kisha tukatawanyika.

Hilo si aibu yangu peke yangu. Ni letu sote. Aibu yangu ni hii.

Palikuwa na mzee mmoja aliyesimamia josho hilo tangu ujana wake. Alikuwa na fimbo yenye alama alizozichonga kwa kisu. Aliitumbukiza fimbo ndani ya josho, akatazama maji yamefika alama ipi. Papo hapo alijua aongeze maji kiasi gani na dawa kiasi gani. Dawa ikipungua, kupe hawafi. Dawa ikizidi, ng'ombe hudhurika. Mzee hakuwa na karatasi. Vipimo vya josho lile vilikuwa katika fimbo ile na katika kichwa chake.

Mara nyingi aliniambia, "Bwana Shamba, njoo siku moja nikuonyeshe alama hizi."

Nami nilimjibu, "Nitakuja, Mzee. Juma lijalo nitakuja."

Mimi nina cheti cha kilimo. Labda nilidhani sina la kujifunza kutoka kwa fimbo. Mzee alifariki mwaka 2021. Nilikwenda msibani. Nilipouliza habari za fimbo, mjukuu wake akaniambia walikwisha kuitia motoni. Hawakujua ni ya nini. Nani angewaambia?

Sasa unaelewa kwa nini jibu la yule mama lilinigusa. "Yule aliyenifundisha kufuta vioo." Habari za madaraja zimetoka kwa mtu hadi mtu tangu mwaka 1866. Habari za josho letu hazikufika hata kwa mtu mmoja, nami nilikuwa nimealikwa.

TULIYOANZA KUFANYA

Niliporudi, niliomba nafasi katika mkutano wa kijiji. Niliwaeleza habari za reli. Niliwaonyesha picha. Watu walicheka waliposikia kwamba wazee wa kule hulipa ada ili wafanye kazi. Kisha nikawaeleza habari za fimbo na kosa langu. Hapo hawakucheka.

Safari hii hatukuuliza nani atalipwa. Tulifungua daftari. Tukauliza kila mtu, "Wewe unaweza nini?" Mmoja anaweza kujenga. Mmoja ana mkokoteni wa kubebea mchanga. Akina mama wawili wanajua kuweka hesabu. Vijana wana nguvu. Tukaandika majina yote, na mbele ya kila jina tukaandika kazi.

Kisha akasimama mzee mwingine, nyuma kabisa. Akasema, "Mimi nilimsaidia marehemu kwa miaka mitatu. Sikumbuki yote. Ninakumbuka kiasi." Tukampa kiti mbele. Vijana wawili wakapewa kazi ya kumfuata na kuandika kila anachokumbuka. Vipimo tumevipima upya pamoja na Bwana Mifugo, maana dawa za siku hizi si zile za zamani. Vijana wakachonga fimbo mpya. Alama zake tumeziandika pia katika daftari mbili. Moja iko ofisi ya kijiji. Ya pili anayo katibu wa kamati ya josho.

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Josho bado halijaanza kufanya kazi. Majani tumefyeka. Paa lina mabati nusu. Ufa bado unangoja saruji. Jumamosi nyingine tunakuwa watu ishirini, Jumamosi nyingine watano. Hata Tywyn, siku ya kwanza gari halikufika mwisho wa reli.

NENO KWAKO

Wewe unayesoma ukurasa huu umejifunza kusoma na kuandika. Yule mzee wa josho hakupata bahati hiyo. Katika kijiji chako huenda kuna mtu anayejua jambo ambalo wengine hawalijui. Huenda anajua kuponya pampu ya kisima. Huenda anajua mfereji wa zamani ulipita wapi, au mbegu ipi ilistahimili ukame.

Usimwambie, "Juma lijalo nitakuja." Chukua daftari na kalamu. Nenda leo jioni. Msalimu, kaa chini, umwulize. Akikuonyesha, mwombe umsaidie kazi hiyo kwa mikono yako, hata kama ni kufuta vioo tu. Kisha andika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Reli ya Talyllyn ilikaribia kufa kwa sababu gani?
2. Kwa nini milango ya upande mmoja wa mabehewa haifunguliwi?
3. Bwana Shamba alikosa nini kuhusu fimbo ya mzee?
4. Katika kijiji chenu kuna kitu gani cha zamani kinachofaa kuokolewa? Nani anakijua vizuri? Nani atakwenda kumwuliza?